Aliweka, Hakuficha

Mwezi uliopita tulimzika Kalekye huko kwao, juu ya Masii, na mimi niliharibu mazishi. Hivyo ndivyo wanavyosema. Mwanangu Mutua hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo, na mchungaji akinisalimia anaangalia viatu vyangu. Nilichofanya ni hiki. Peter Musembi, ambaye siku hizi ni mzee wa kuheshimiwa, mwenye fimbo na koti la suti hata jua likiwaka, alipewa kipaza sauti amkumbuke marehemu. Akasema Kalekye alikuwa mama mchangamfu, akasema alisuka viondo kuliko mtu yeyote wa upande huu, halafu akacheka kidogo na kuongeza, "Lakini wenye umri wangu mnakumbuka vile alificha ndengu kwa mzigo wa wazungu." Watu wakacheka. Hema zima lilicheka, hata watoto wa juzi wasiojua kisa chenyewe, na jeneza liko pale mbele. Mimi nikainuka kwenye kiti cha plastiki nikasema, "Hakuficha." Mwenye kuongoza shughuli akaniashiria niketi. Nikasema tena, "Aliweka, hakuficha, na wewe Musembi ulikuwa umeketi hapo hapo akikuambia." Wanawake wawili wakanishika mikono wakanipeleka jikoni kama mtu aliyepandwa na mapepo, nikapewa chai. Niliinywa kwa sababu ilikuwa chai nzuri. Lakini hasira haikushuka pamoja na chai, mpaka leo ninayo, na ndiyo inayoniandikisha haya.

Sikusoma sana. Niliacha shule darasa la tatu, na Kiswahili changu nimekiokota kanisani, sokoni na redioni, kwa hiyo mwenye kutaka maneno ya mapambo ayatafute kwingine. Lakini mjukuu wangu Ndinda amesoma, na hapo nitajisifu bila haya. Anafanya kazi Syokimau, kwa kampuni inayopeleka mizigo ng'ambo, ana meza yake na kompyuta yake, na kazi yake ndiyo ile ile iliyotuvuruga sisi: anaandika invoisi. Watu wa redio wanaiita ankara. Alipokuja nyumbani baada ya mazishi nilimketisha nikamwambia anieleze kitu hicho ni nini hasa, kwa maana kimenila moyo miaka yote hii na hakuna mtu aliyewahi kukaa chini anieleze. "Susu," akaniambia, maana hivyo ndivyo nyanya anavyoitwa kwetu, "mzigo hauna mdomo. Ukifika forodha, yule mtu wa forodha hajui kama ni nguo ama ni bunduki. Invoisi ndio inaongea. Nani anauza, nani ananunua, ndani kuna nini, imetengenezwa na nini, imetoka nchi gani, kilo ngapi, bei gani. Halafu mwenye mali anatia sahihi, anasema hii yote ni kweli." Nikamuuliza, na mwenye mali akikuambia kitu na wewe usiandike? Akacheka. "Hiyo ni noma, susu. Hiyo inaeza nifutisha kazi." Basi. Musembi hakufutwa kazi. Musembi alijenga nyumba ya mawe.

Mwaka ninaousema ni ule zilipoisha mvua za El Niño. Barabara zilikuwa zimekatika kila mahali, lakini chakula kilikuwako, tena kingi, hata sisi Wakamba tuliozoea kuhesabu mawingu tukawa tunashangaa tukiona ghala limejaa. Ndengu, zile ambazo wengine wanaziita choroko, zilimwagwa uani kukauka mpaka kuku wakazikataa. Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kikikutana kwa chumba cha nyuma cha kanisa pale Masii, chumba chenye madirisha madogo na harufu ya popo, na Kalekye ndiye alikuwa mwenyekiti. Alikuwa mrefu, mwenye pengo la meno ya mbele, na hakuna siku nilimwona ameketi bila kusuka. Alisuka akitembea, alisuka akigombana, alisuka akimsikiliza askofu. Mkonge aliupota mwenyewe pajani, na uzi wake ulikuwa sawasawa kama umetoka kiwandani. Ndipo Musembi akaja. Alikuwa na ofisi mjini Machakos ya kusaidia akina mama kuuza kazi za mikono, na alikuwa amepata duka fulani huko Ulaya lililotaka viondo. Si vya kuuzia watalii barabarani, alisema, ni vya kusafiri kwa ndege, kwa jina la kikundi chenu. Wanawake walipiga vigelegele. Tulisuka tangu mavuno hata kiangazi kikakolea, na watoto wetu wakajifunza kujipikia.

Sasa jambo la ndengu. Hakuna mkutano uliokaa kuamua tuweke ndengu, kama vile hakuna mtu anayekuambia ufunge mlango ukitoka. Kwetu, kumpelekea mtu kiondo kitupu ni kumwambia alale njaa. Mama mkwe ukimpelekea kiondo, kuna kitu ndani. Jirani ukimrudishia chake, kuna kitu ndani, hata kama ni viazi viwili. Kwa hiyo siku ya kufunga mzigo, kila mwanamke alikuja na viondo vyake, na ndani ya kila kimoja kulikuwa na konzi ya ndengu imefungwa kwa kitambaa. Teresia, mweka hazina wetu, aliweka mbaazi, kwa sababu ndengu zake zilikuwa zimekwisha. Hakuna aliyefanya kwa kujificha. Tulikuwa tukioneshana vitambaa, tukitaniana nani ni mchoyo. Kalekye alimwangalia mama mmoja akamwambia, "Hii yako ni ya kulisha kuku wa mzungu ama mzungu mwenyewe?" na yule mama akarudi nyumbani kuongeza. Tukavipanga, tukavifunga marobota kwa magunia, tukashona midomo.

Kalekye alinichukua mimi tuandamane na mzigo mpaka Machakos, kwa sababu mimi siogopi watu sana kama wengine. Ofisi ya Musembi ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ukipanda ngazi ulinusa rangi na mabati mapya. Kilikuwa chumba kimoja, kirefu na chembamba. Mbele palikuwa na meza ya Musembi, kubwa, yenye kioo juu na picha zake zimebanwa chini ya kioo. Nyuma, dirishani, palikuwa na meza ya Jacinta, mpiga chapa, mama kijana wa hapo mjini mwenye vidole vyepesi na sauti ndogo. Katikati waliweka benchi la wageni, na benchi lenyewe lilikuwa fupi hivi kwamba magoti yanakuja kidevuni, kwa hiyo ukiongea na Musembi unaongea ukitazama juu kama unaomba mvua. Marobota yalipimwa chini, kwa mizani ya misumari ya lile duka, na Jacinta akapanda na kilo zimeandikwa kiganjani kwa kalamu. Akammiminia Musembi chai kutoka kwa chupa. Sisi tulikuwa tumetoka nyumbani bila hata uji, na hakuna aliyetuuliza.

Kisha wakaanza kuandika. Jacinta aliingiza karatasi na kaboni kwa mashine, karatasi na kaboni, rundo nene, na Musembi akawa anasoma kutoka kwa invoisi ya zamani ya kikundi kingine, mguu mmoja juu ya mwingine.

"Muuzaji."

"Nimeandika."

"Mnunuzi."

"Nimeandika."

"Nchi iliyotoka mali, Kenya. Maelezo ya mali. Andika vikapu vya mkonge, vimesukwa kwa mkono, vitupu."

Kalekye alikuwa anasuka. Akainua kichwa. "Si vitupu."

"Ati nini, mama?"

"Umesema vitupu. Viondo vyetu si vitupu. Kiondo hakipeanwi kitupu, na wewe ni Mkamba, unajua."

Musembi alicheka kile kicheko cha mtu anayefurahishwa na mtoto. "Mwaitu," akamwambia, neno letu la kumheshimu mama, na akalisema bila heshima yoyote, "hayo ni maneno ya nyumbani. Hii ni lugha ya forodha. Kwa forodha kikapu kipya kinaitwa kitupu."

"Na kikiwa na kitu?"

"Mama, gari ya Nairobi inaondoka sasa hivi. Jacinta, vitupu."

Vidole vya Jacinta vilikuwa juu ya mashine na havikushuka. Niliona mimi, kwa macho haya. Alimtazama Kalekye, akatazama kiganja chake, akasema polepole, "Lakini hizi kilo ziko juu, Bwana Musembi. Vile vya kile kikundi kingine vilikuwa vyepesi sana."

"Ni mkonge wa Masii. Hawakukausha vizuri. Andika kilo vile ziko."

Akaandika. Mashine ililia tak tak tak, na neno likaingia kwa karatasi ya juu na kwa zote za chini yake. Halafu Musembi akamwita Kalekye mezani na kumpa kalamu. Kalekye akauliza, "Hapa pamesema nini?" Akajibiwa, "Pamesema hii yote ni kweli." Akauliza, "Na ni kweli?" Akajibiwa, "Ni kweli, mwenyekiti, tia." Sahihi ya Kalekye ilikuwa jina lake lote, herufi moja moja, kubwa, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Alikuwa ameifanyia mazoezi wiki nzima kwenye karatasi za sukari.

Nilipomsimulia Ndinda hapa, aliniuliza mbona hatukusema tu, kuna ndengu ndani. Nikamkasirikia na yeye pia, ingawa nampenda. Mtu akikuambia amekuletea chai, utamuuliza kama ina maji? Kalekye alimwambia mtoto wa Mkamba, aliyezaliwa na mama Mkamba, kwamba kiondo si kitupu. Kutoka Masii mpaka Kivaa, mpaka Ekalakala, hakuna mtu wa kuuliza swali la pili hapo. Na kama alikuwa amesahau mambo ya kwao kwa sababu ya kuvaa tai, basi angeuliza. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa analipwa, kuuliza ndani kuna nini. Aliuliza karatasi ya zamani. Mwenye viondo alikuwa kwa benchi.

Wakati huo hatukujua kitu. Tulishuka ngazi tukiwa na furaha, tukaingia hoteli nyuma ya stendi, tukaagiza chapati na maharagwe. Nakumbuka meza ilikuwa na kitambaa cha plastiki chenye maua, na nzi mmoja aliyekuwa anatembea juu ya ua kama anapima shamba. Kalekye alikula akicheka. "Sasa huyo mama wa Ulaya akifungua apate ndengu, atajua kuzipika?" Nikasema atazichemsha na maziwa, wazungu wanachemsha kila kitu na maziwa. "Aiya, na sukari?" Na sukari. Akacheka mpaka mwenye hoteli akaja kuangalia. Akasema angependa kupelekewa habari siku moja, hata barua ndogo, kujua kama huyo mama alishiba. Sijui kwa nini jambo hilo linaniuma kuliko mengine, lakini linaniuma.

Mzigo ulifika Ulaya, forodha wakaupima. Hivyo ndivyo tulivyoelezwa baadaye. Karatasi ilisema vikapu vitupu na mizani ikasema kitu kingine, kwa hiyo wakapasua robota. Wadudu wa ndengu walikuwa wameshaanguliwa safarini. Kule mbegu haziingii bila cheti cha kuonyesha hazina ugonjwa, na invoisi haikutaja mbegu hata moja, na chini yake kulikuwa na jina la Kalekye kwa herufi kubwa. Wakachoma kila kitu. Ndengu, mbaazi za Teresia, vitambaa, na viondo vyenyewe. Mimi sikatai sheria ya mtu kwake. Wangetuambia haziingii, tungezila wenyewe, hatukuwa na haja ya kumlazimisha mtu. Lakini tulimwambia nani, na nani alinyamaza?

Musembi alikuja Masii na pikapu kutueleza. Tuliketi kwa kile chumba cha popo, tumemwekea chai na mandazi, hakugusa. Akaeleza habari ya moto. Mwanamke mmoja akauliza, "Hata viondo wamechoma?" akauliza tena, kama hakusikia jibu la kwanza. Kisha Musembi akatoa karatasi iliyopigwa chapa tayari. Akasema mnunuzi ana hasira lakini ana moyo mzuri, akipata barua ya kuomba msamaha atachukua mzigo mwingine. Akaisoma. Mimi Kalekye, mwenyekiti, nilificha vyakula ndani ya viondo bila kuijulisha ofisi.

"Rudia," Kalekye akasema. Alikuwa anasuka.

Akarudia.

"Hapo kwa nilificha, andika niliweka. Na hapo kwa bila kujulisha ofisi, toa."

"Nikitoa hiyo, mama, barua inabaki na nini?"

Kuna mtu alicheka huko nyuma. Kalekye hakucheka. "Inabaki na ukweli. Kuficha ni kwa mwizi. Nikichukua kitu yako nikaweka chini ya leso, hapo nimeficha. Hii nilitoa shamba yangu nikapatia mtu. Nimeficha nini?"

"Lakini huyo mtu hukumwambia," Teresia akasema.

"Wewe ulimwambia habari ya mbaazi zako?"

Teresia akatazama mandazi. Ndipo wengine wakaanza, mmoja mmoja, kwa sauti za upole ambazo ni mbaya kuliko matusi. Kalekye, ni neno tu. Kalekye, tia tuende nyumbani. Kalekye, tuko na watoto shuleni. Kalekye, hao wazungu wenyewe hawajui Kikamba, watajua tofauti gani? Nilitoka nje na birika kuongeza maji, na nikiwa nyuma ya ukuta nikasikia Musembi ametoka na Teresia, wamesimama kando ya pikapu. "Akikataa," Musembi alikuwa anasema, "watauliza aliyetayarisha karatasi. Na aliyetayarisha karatasi ni ofisi. Na ofisi ni mimi. Wewe unanielewa, mama?" Teresia akasema anaelewa. Akasema, "Yeye ni kichwa ngumu, lakini sisi si yeye."

Niliingia nikamnong'onezea Kalekye niliyoyasikia. Akasema, "Najua," bila kuacha kusuka. Halafu akafunga uzi, akainuka, akaweka ufunguo wa kabati la kikundi juu ya meza karibu na sahani. Akawaambia kwamba kama wanahitaji mwenyekiti wa kusema alificha, watafute mwingine. Akatoka. Hawakumfuata. Teresia akachaguliwa hapo hapo, chai ikiwa bado moto, na barua ikapigwa upya kule mjini, ikasema mwenyekiti wa zamani alificha vyakula. Teresia akaitia sahihi. Wanawake wote waliokuwa ndani ya kile chumba walikuwa wameweka, na mmoja tu aliandikwa ameficha.

Siku iliyofuata nilienda kwake nikamkuta anapika muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, sufuria imejaa kama anangoja wageni. Jikoni mwake kulikuwa na moshi mwingi na viti vifupi viwili. Nilimwambia mimi pia natoka kwa kikundi. Akanikatalia. "Wewe baki. Mutua yuko shule ya bweni, utamlipia na nini?" Nikasema wanakudharau. Akasema, "Wakudharau na wewe, itanisaidia aje? Kula." Tukala. Nikabaki kwa kikundi, kwa amri yake.

Lakini neno likishaandikwa lina miguu. Barua ilikuwa ya kwenda Ulaya, ila maneno yake yalirudi Masii kabla ya yeye mwenyewe kufika sokoni. Kwa kisiagi, pale pa kusagia unga, Kalekye akiingia na mahindi yake, kijana wa mashine alikuwa anaita, "Chungeni magunia, Mama Kuficha amefika," na watu wanacheka, na yeye pia anacheka kidogo kwa sababu utafanya nini. Kanisani wakati wa kuhesabu sadaka, kazi aliyoifanya tangu nimjue, wakamwambia apumzike kidogo. Apumzike kutoka kwa nini? Binti yake alipokuja kuposwa, mjomba wa mposaji aliuliza mbele ya watu kama ni ile nyumba ya mama wa ndengu. Kalekye alikuwa amekaa Masii maisha yake yote bila mtu kumwita mwizi hata kwa ugomvi. Nilimwona mwaka ule akianza kuchukua njia ya nyuma ya shule kwenda mtoni, njia ndefu, yenye miiba. Yeye, aliyekuwa anapita katikati ya soko akisalimia watu mpaka wanachoka.

Mzigo wa pili ulikubaliwa. Safari hii Musembi hakutuita mjini. Alimtuma Jacinta Masii na mashine yake ya kupiga chapa, wakamwekea meza uani kwa kanisa, chini ya jua, na amri ilikuwa kwamba kila mwanamke apite mbele yake, apindue kila kiondo na kukitikisa, ndipo Jacinta aandike vitupu. Tulipanga mstari. Mwanzoni wanawake walikuwa wanafanya mchezo, wakitikisa na kuimba. Halafu wimbo ukaisha wenyewe. Ukiona mwanamke mzima anatikisa kiondo alichokisuka mwezi mzima, mdomo chini, mbele ya karani, hapana kitu cha kuimbia. Teresia alikuwa ametangaza kwamba mtu yeyote mwenye viondo alete, hata wasio wa kikundi, maana havikutosha. Kwa hiyo Kalekye alikuja. Alikuwa navyo vingi, na vilikuwa vizuri kuliko vyetu sote, na kila mtu aliviona na hakuna aliyesema. Alisimama kwa mstari, mimi nyuma yake. Zamu yake ikafika.

"Pindua, mwaitu," Jacinta akasema. "Tikisa."

"Sitikisi."

"Ni sheria ya ofisi."

"Basi tia mkono wewe mwenyewe. Mimi nikisema kuna kitu unaandika vitupu, nikisema hakuna kitu mnaandika nimeficha. Kwa hivyo tia mkono."

Jacinta alitazama pembeni, Teresia alikuwa mbali anahesabu magunia. Akatia mkono. Ulizama mpaka kiwiko, ukazunguka huko ndani, polepole, na hapakuwa na kitu. Hakuutoa. Aliinama kama anatafuta vizuri, akasema kwa ile sauti yake ndogo, na isingekuwa nilikuwa karibu nisingesikia, "Mwaitu, siku ile nilisikia."

"Najua ulisikia. Ulikuwa karibu na mimi kuliko Musembi."

"Niko na watoto."

"Hata mimi niko nao," Kalekye akasema, na akauvuta mkono wa Jacinta kutoka ndani ya kiondo chake, taratibu, kama unavyomvua mtoto nguo.

Alivikusanya vyote, akavitundika begani kimoja kimoja, akatoka kwa lango la kanisa. Teresia akapaza sauti kutoka kwa magunia, "Mwacheni aende, amezoea," na mtu mmoja akacheka kile kicheko cha kumfurahisha mwenyekiti. Mstari ukasogea. Jacinta alikuwa ameshainama kwa mashine yake, na bila kuinua macho akaniambia, "Mama Mutua, pindua."

Nilikuwa na viondo vyangu mkononi, mdomo juu. Niliangalia wanawake wa nyuma yangu, niliangalia ile karatasi na kaboni zake. Nikatundika viondo begani nikatoka.

Kalekye alikuwa ameshafika barabarani. Alichukua njia ya katikati ya soko. Nilikimbia kidogo nikamfikia, naye hakugeuka.

"Nilikuambia ubaki," akasema.

"Nilikusikia," nikamwambia.